Damu ya Kuku Wekundu

Ukimtaka Sindano usimtafute sebuleni, hapo hakai. Nenda moja kwa moja kwenye banda la kuku wekundu. Utamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuku amelazwa ubavu mapajani pake, bawa moja limekunjuliwa, na yeye ameinama na sindano nyembamba akiutafuta mshipa. Atang'oa manyoya mawili matatu, atapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, atachoma mara moja. Kurudia hajui. Kuku wenyewe wamemzoea, wengine husinzia.

"Umeona, wifi?" humwambia mke wa kaka yake, ambaye kazi yake ni kushika miguu. "Kuku ana adabu kuliko watu wote niliowachoma hospitali."

"Kuku hana mdomo wa kukujibu," wifi humwambia. "Ndiyo maana mnapatana."

Hospitalini alipima damu za watu mpaka alipostaafu, na jina la Sindano alilipata huko. Si kwa ajili ya kazi tu, mdomo wake nao ulichoma. Kuna bwana mkubwa aliyewahi kuja na wapambe wake akataka kupimwa kabla ya foleni. Sindano alimtolea uvivu mbele ya wagonjwa wote: damu yako nyekundu, na ya hawa nyekundu, kaa kwenye benchi. Bwana mkubwa akakaa. Cheo cha mkuu wa maabara kilimpitia mbali miaka yote kwa mambo kama hayo, naye hakukikimbilia. Watu wa namna hii wana faida moja, kwamba akikwambia jambo hulazimiki kujiuliza alimaanisha nini.

Kuku wekundu walikuwa wa marehemu mama yake. Mama huyo hakusoma kitabu cha ufugaji hata kimoja. Alikuwa akichukua yai, analigonga kwa ukucha, analibonyeza kwa kidole gumba, na lile lililomridhisha kwa ugumu wake ndilo lililototoleshwa. Mengine yaliliwa. Alifanya hivyo mwaka hata mwaka, maisha yake yote ya ufugaji, mpaka akabaki na kuku wafupi, wekundu kama tofali lililochomwa, wakali, wanaotaga mayai ambayo mpishi huyagonga mara mbili kwenye ukingo wa kikaango ndipo yapasuke.

Alipofariki aliwaachia watoto wake wawili uwanja na mabanda. Mkubwa ni kaka yake Sindano, ambaye watu wanamwita Meneja tangu utotoni kwa jinsi alivyopenda kuamrisha wenzake hata kwenye mchezo wa kujificha. Meneja si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Ni mtu anayependa mambo yaende. Yeye ndiye aliyeleta kuku weupe wa kisasa, akawajengea banda jipya ubavuni mwa lile la zamani, na yeye ndiye aliyezungumza na kampuni ya vifaranga mpaka ikakubali kuchukua mayai ya mabanda yote mawili ikayatotoleshe. Nyumba nzima ilikuwa inakula kwa mayai hayo.

Kisha kampuni ikaweka sharti jipya: kuku wazazi wapimwe damu. Sindano alifurahi kama mtu aliyerudishwa kazini. Alichoma mwenyewe, akajaza vichupa mwenyewe, na daktari wa mifugo wa kampuni akavipeleka maabara.

Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya chini, utadhani kila neno ni siri. Aliporudi na majibu alisimama uwanjani akakataa kiti.

"Weupe hawana neno," alisema. "Wekundu, mama, kuna kimeng'enya kimoja kiko juu mno kwenye damu yao. Karibu wote."

"Kipi?"

"Kile cha ini na mifupa."

Sindano alikijua. Vimeng'enya ni vitu ambavyo mwili huvitengeneza ili kazi zake ziende, na kila kimoja kina mahali pake. Ini likiumia, au mfupa ukipata hitilafu, hicho kimoja humwagikia kwenye damu, na mpimaji akikiona kimezidi anajua kuna sehemu imeharibika. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha wengine. Angeletewa majibu yale ya mtu asiyemjua, yeye mwenyewe angesema huyu maini yake yamekwisha. Akajishika kiuno asionekane ameshtuka.

"Wanakula," alisema. "Wanataga. Wananidonoa. Mgonjwa gani huyo?"

"Majibu ni ya damu, mdogo wangu," Meneja alisema. "Damu haidanganyi. Si wewe uliyekuwa ukituambia hivyo kila siku?"

Hilo lilimwingia. Lilimwingia kwa sababu ni kweli alikuwa akisema, tena kwa majivuno.

Kampuni haikuzunguka. Ama wekundu waondoke, ama haichukui yai lolote, hata la weupe, maana nani ajuaye kama ugonjwa huo hauruki waya unaotenganisha mabanda? Meneja aliita lori la machinjio lije Jumamosi. Siku hiyohiyo akatafuta ubao mrefu, akaupaka kwa brashi herufi kubwa nyekundu, WAGONJWA, akaupigilia misumari juu ya mlango wa banda la mama yao. Sindano alisimama akimtazama akipigilia. Kila nyundo ilipotua aliumia.

Daktari aliomba damu ichukuliwe tena kabla ya lori kufika, kwa uhakika. Hapo ndipo wifi alipopata wazo. Walikuwa wawili bandani, vichupa vitupu vimepangwa kwenye trei ya mayai.

"Wifi," alinong'ona, "weupe si hao hapo, ng'ambo ya waya? Chupa haina macho. Wachome wao, andika wekundu, Jumamosi lori linarudi tupu."

Sindano aliwatazama weupe. Nisiseme uongo, aliwatazama kwa muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vinaijua kazi, na hakuna binadamu ambaye angegundua.

"Nikitia damu ya weupe kwenye chupa za wekundu," alisema mwishowe, "nitakuwa nimekubali kwa mkono wangu kwamba wekundu ni wagonjwa. Sikubali. Lete huyo mkali tuanze naye."

"Haya. Ukichinjiwa usije kunililia."

"Nikulilie wewe? Una bega gani?"

Majibu ya pili yalikuwa yaleyale. Wengine walikuwa wamepanda zaidi.

Jumamosi asubuhi lori lilipoingia kinyumenyume uwanjani, Sindano alikuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo yake, mgongo kwenye mlango, kufuli limefungwa na ufunguo ameutia kifuani. Dereva aliteremka, akamwona, akarudi kuegemea lori lake. Daktari alikuwa amekuja na pikipiki nyuma ya lori. Meneja alitoka ndani shati halijafungwa vifungo.

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Usinitie aibu mbele ya watu!"

"Aibu umeipigilia misumari mwenyewe, kaka, iko juu ya kichwa changu. Anayejua kusoma anaisoma."

Meneja alimgeukia daktari, mikono imefunguka. "Mwambie wewe. Mimi hanisikii tangu ana meno ya utoto."

Daktari alikuna kichwa. "Mzee, nami kuna jambo limenikalia kooni tangu jana. Mama, kile kiwango tunachokiita cha kawaida kilitokana na kuku weupe. Kuku kama hawa wenu sijui kama kuna aliyewahi kuwapimia chao."

"Kwa hiyo umenivalisha kiatu cha jirani, halafu unasema mguu wangu umevimba?"

"Inawezekana. Kuna kuku ambao kimeng'enya hiki kiko juu kwa kuzaliwa tu, mtoto anakirithi kwa mzazi kama anavyorithi rangi. Lakini kuna na maini mabovu, mama. Siwezi kujua kwa kumtazama kuku usoni."

Sindano alitoa ufunguo kifuani, akafungua, akaingia, akatoka amekumbatia kuku mmoja mzee ambaye nyumbani walimwita Mama Mkwe, kwa kuwa hakuna mgeni aliyeingia bandani asidonolewe naye. Ndiye ambaye kimeng'enya kilikuwa juu kuliko wote. Na ndiye wa mwisho aliyetoka kwenye yai lililobonyezwa na kidole cha marehemu. Wifi alipoona ni yupi alijifunika mdomo.

"Mchinjeni huyu mumfungue," Sindano alisema. "Sikuchagua mwenye nafuu ili nishinde. Ini lake likiwa bovu nawafungulia mlango, na kisu nitakishika mimi mpaka wa mwisho."

Meneja alichinja, Sindano alishika. Machozi yalimtoka waziwazi na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Daktari alifungua tumbo juu ya ubao wa jikoni na wote wakainama, hata dereva. Ini lilikuwa la kahawia iliyokolea, laini, kingo zake nyembamba, halina doa wala uvimbe. Daktari aligeuza, akakata, akanusa. Kisha akachukua mfupa wa paja akajaribu kuuvunja kwa mikono, akashindwa, ikabidi auweke kwenye ngazi na kuukanyaga. Ndani ulikuwa umejaa vijifupa laini kama chengachenga.

"Hii ni akiba ya kutengenezea maganda ya mayai," alisema. "Kimeng'enya hiki ndicho kinachofanya kazi ya kujenga mfupa. Nabahatisha tu, lakini huenda mama yenu, kila alipochagua ganda gumu, alikuwa anakichagua na hiki bila kukijua."

Sindano aliokota kipande cha mfupa ule, akakigeuza kwenye mwanga.

"Huyo ni mmoja," Meneja alisema. "Na wengine?"

"Mzee anasema kweli," daktari alikubali. "Ini moja si jibu. Jibu ni watoto."

Akaeleza. Watotoleshe mayai ya wekundu na ya weupe kwenye mashine moja, siku moja. Vifaranga wavishwe pete miguuni, kisha nusu ya wekundu walelewe na weupe kwenye banda jipya, na nusu ya weupe walelewe na wekundu kwenye banda la zamani, chakula kimoja, maji mamoja. Jogoo mwekundu naye awekwe na mitetea weupe wachache ili wapatikane machotara. Wakianza kutaga wapimwe. Kama tatizo ni ugonjwa au banda, weupe walioishi na wekundu watapanda. Kama ni urithi, kila mmoja atabaki na damu ya wazazi wake popote alipolala.

"Na muda wote huo kampuni haichukui mayai yetu?" Meneja aliuliza.

"Haichukui."

Meneja alikubali shingo upande. Alikubali kwa sababu ya ini lile, na kwa sababu dada yake alikuwa amesimama na damu ya Mama Mkwe mikononi, na angemwambia nini? Lakini hakumsemesha. Lori liliondoka tupu, ubao ukabaki mlangoni.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri, na sitaipamba. Mayai yaliyokuwa yakienda kuwa vifaranga sasa yalienda kwenye vikaango vya watu. Meneja mzima, na miwani yake, alifunga trei nyuma ya baiskeli akazungusha mitaani akipiga kengele. Watoto walimzomea: Meneja wa mayai! Alirudi jioni kimya, anakula kimya, anamwambia mkewe "mwambie wifi yako apitishe chumvi" hali dada yake mwenyewe amekaa karibu naye.

"Wifi, unaambiwa upitishe chumvi," wifi alisema, amechoka.

"Mwambie aifuate, ana miguu ya kuendeshea baiskeli."

Mchana Sindano alikuwa na ukali huo, ila usiku mashaka yalimwingia. Alikuwa amejipa ushindi kwa mdomo, na mdomo wake aliujua. Je, kama hakuwa anatetea kuku? Kama alikuwa mtoto tu asiyetaka kutoa kitu cha mwisho cha mama yake? Alikuwa amewatazama watu wengi wakilia mbele ya majibu na kusema mashine imekosea, na mashine haikuwa imekosea. Wazo hilo lilimtafuna. Hata hivyo kila asubuhi aliingia bandani, akabadilisha maranda, akahesabu pete, na hakuwahi kuhamisha kifaranga mmoja kumpendelea.

Jambo moja halikutarajiwa na yeyote. Barabara za mitaa zile zina mashimo, na mayai ya weupe yalipasuka kwenye baiskeli. Ya wekundu hayakupasuka. Mwanzoni Meneja alidhani ni bahati. Baadaye aliweka ya wekundu chini na ya weupe juu bila kumwambia mtu, na baadaye zaidi akina mama wakawa wanamsimamisha: baba, leo umeleta yale magumu? Alijibu "yapo" kwa sauti ya mtu aliyeumwa jino. Nyumbani hakusimulia. Wifi aliyajua yote sokoni, akajitia hamnazo.

Vifaranga wakawa kuku, kuku wakaanza kutaga. Sindano aliwachoma wote, kila mmoja mara moja, na daktari akaondoka na vichupa.

Alirudi kwenye gari la kampuni, pamoja na dereva wa kuchukulia mayai, trei tupu zimepangwa nyuma. Safari hii alikubali kiti. Sindano alikataa cha kwake.

"Sema nikiwa nimesimama," alimwambia. "Sema haraka."

"Wekundu wako juu kote, banda la zamani na banda jipya. Weupe wako chini kote, hata walioishi na wekundu tangu wanaanguliwa. Machotara wako katikati, wanavutia kwa baba yao." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Si ugonjwa, mama. Ni urithi. Kuku wenu ni wazima."

Wifi alipiga vigelegele. Sindano alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akacheka huku analia, akalitaja jina la mama yake mara mbili.

Daktari alingoja atulie. Kisha akarudi kwenye sauti yake ya siri. "Ila kiwango cha kampuni ni kilekile. Nimezungumza na wakubwa, wanasema sharti ni sharti. Wametoa njia. Mnaweza kuwazalisha wekundu na weupe, kila kizazi mkateua wale wenye damu ya chini, mpaka washuke chini ya kiwango. Inawezekana kabisa, nimeona machotara wanavyokwenda. Mkikubali, mayai ya weupe tunayapakia leo."

Sindano aliinuka, akajikung'uta.

"Nisikilize, mwanangu. Wewe umenitendea haki na sitakusahau. Lakini nimemchinja Mama Mkwe, nimekula chakula bila kusemeshwa, nimethibitisha kwamba hawa si wagonjwa, halafu sasa niwatibu? Niwatibu nini? Niwaondolee ganda lao gumu ili wafanane na karatasi ya bosi wako? Rudi ukawaambie waje na kiwango cha kuku wekundu. Damu ninayo, mikono ninayo, nitawachomea kuku hata uwanja mzima. Kushusha sishushi."

Kisha akakumbuka kwamba banda si lake peke yake. Akamgeukia kaka yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yaliomba.

Meneja alikuwa ameegemea baiskeli. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Dereva, aliyetaka kuwahi, akamuuliza, "Sasa mzee, napakia au sipakii? Hao wagonjwa wanaondoka lini?"

Meneja aliiegemeza baiskeli ukutani. Alikwenda stoo, akatoka na nyundo, akaenda mlangoni mwa banda la zamani akaung'oa ubao, msumari mmoja baada ya mwingine, polepole, huku wote wanamtazama. Sindano alidhani anautupa. Hakuutupa. Aliingia nao ndani, wakasikia akipigilia tena, na alipotoka alikuwa amejaa maranda nywelini.

"Mgonjwa ni kiwango chenu," alimwambia dereva. "Kampuni ikikitibu, karibuni. Isipokitibu, mimi nina wateja wangu."

Dereva aliwasha gari. Daktari aliwapa wote mkono, wa Sindano akaushika kwa mikono miwili.

Ilipobaki vumbi tu barabarani, Sindano alichungulia bandani, kaka yake na wifi nyuma yake. Ubao ulikuwa umepigiliwa kutoka ukuta hadi ukuta, kimo cha goti, mahali ambapo ubao wa kulalia kuku ulikuwa umevunjika tangu enzi za mama yao. Maandishi yalikuwa juu, herufi zote zinasomeka. Binti mmoja wa Mama Mkwe alikuwa amesharuka, amejipanga katikati ya neno lile, amekunja mabawa. Aliwatazama mmoja mmoja, akanyanyua mkia, akalinyea.